Panya wa nje ameingia kwenye chumba cha panya weupe: je, tuwateketeze wote?

"Ninatunza wanyama wa maabara katika kituo kimoja hapa Tabora. Tuna panya wadogo weupe katika vizimba vipatavyo sitini na panya wakubwa weupe wachache, na wote tunawatumia kukuza vimelea vya malale kwa ajili ya utafiti na mafunzo. Tangu mavuno yaishe, panya wa nje wamekuwa wakiingia stoo. Tulikuta kiota ndani ya gunia la maranda, na asubuhi moja tukamkuta panya juu ya kifuniko cha kizimba. Tukamuua na kumtupa. Baada ya wiki mbili hivi, watoto wa panya wetu walianza kufa, baadhi wakiwa na kinyesi cha njano. Mwenzangu mmoja anasema virusi vya panya wa porini haviwezi kuingia kwa panya wa maabara kwa kuwa ni jamii tofauti. Mwingine anashauri tuwape OTC, ile dawa ya antibiotiki, kwenye maji. Mkuu wetu anataka tuwateketeze wote tuanze upya, na kuna wanaotaja Lassa. Mwenzetu mmoja ni mjamzito. Tufanye nini?"

Ndugu yangu, wasiwasi wako una pande mbili: kwamba panya wa nje ameleta virusi ndani ya kundi lenu, na kwamba uamuzi wa haraka unaweza kuwatia hasara kubwa kuliko virusi vyenyewe. Pande zote mbili zina msingi. Hata hivyo nitaanza na mwenzenu mjamzito, kwa sababu suala lake halingoji majibu ya maabara.

Asiingie tena chumba cha wanyama wala stoo, na asishike vizimba vichafu au makoti ya kazi ya wenzake, mpaka wanyama wapimwe na ithibitike kwamba hawana virusi vya LCM. Virusi hivi asili yake ni panya mdogo wa majumbani. Vilitambuliwa Marekani na Charles Armstrong na R. D. Lillie walipokuwa wakichunguza mlipuko wa homa ya ubongo uliotokea St. Louis mwaka 1933, na mwaka 1935 Erich Traub alieleza jinsi vilivyokuwa vimeenea ndani ya kundi la panya wa maabara huko Princeton, ambao wengi wao kwa kuwatazama walikuwa wazima kabisa. Huo ndio ugumu wake. Panya anayeambukizwa akiwa tumboni mwa mama yake, au siku chache tu baada ya kuzaliwa, hukua navyo bila kinga ya mwili wake kuvipiga vita ipasavyo, na huvitoa kwa mkojo, mate na kinyesi maisha yake yote. Mtu mzima akiambukizwa, kwa kawaida hupata homa, maumivu ya kichwa na ya misuli, na wachache hupata uvimbe wa utando wa ubongo; wengi hupona. Kwa mjamzito hatari ni kubwa zaidi, kwani mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na maji yaliyojaa kwenye ubongo na macho yaliyodhurika.

Sisemi kwamba virusi hivyo vimo chumbani mwenu, na dalili ulizoziandika hazielekei sana huko. Ninachosema ni kwamba kumpa mwenzenu kazi nyingine kwa muda ni jambo dogo, na madhara ya kutofanya hivyo hayarekebishiki. Aende kliniki ya wajawazito, iwe pale hospitali ya Kitete au anapohudhuria siku zote, na amweleze daktari kwa maneno ya wazi kwamba amekuwa akifanya kazi na panya wa maabara waliotembelewa na panya wa nje. Nanyi mliobaki, yeyote atakayepata homa na apime malaria kama kawaida, lakini kipimo kisipoonyesha malaria asiache kutaja panya, kwa kuwa daktari asiyejua hawezi kuliwaza hilo.

Kuhusu Lassa, ondoeni hofu hiyo. Ni ugonjwa wa Afrika Magharibi, uliotambuliwa Nigeria mwaka 1969. Pengine chanzo cha uvumi ni kwamba mnyama anayeubeba huko ni panya shamba, Mastomys natalensis, ambaye hata huku kwetu yuko kila shamba la mahindi. Panya shamba wa Tanzania wamekutwa na virusi vya ukoo huohuo, vilivyotangazwa mwaka 2009 kwa jina la virusi vya Morogoro, lakini hivyo havijahusishwa na ugonjwa wowote kwa binadamu.

Sasa niingie kwenye hoja ya mwenzako wa kwanza, ambayo ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba kirusi hakiingii katika kila kiumbe. Ili kiambukize, lazima kishike kipokezi maalumu kilichoko juu ya seli, kisha kiweze kuzaliana ndani yake, na virusi vingi vimezoea mnyama mmoja au jamii chache zinazokaribiana. Kosa lake ni kuwaita wote "panya wa porini" kana kwamba ni mnyama mmoja. Kwenye jengo kama lenu, hasa miezi ya kiangazi ambapo mashamba yamebaki matupu na chakula kimehamia maghalani, wanaweza kuingia wa namna tatu, na kila mmoja ana maana yake. Panya shamba ni wa mbali kidogo na panya wenu wadogo weupe, na vingi vya virusi vyake si vya kuwasumbua. Panya mdogo wa nyumbani, Mus musculus, ni jamii moja na hao weupe: rangi, upole na vizazi vingi vya kufugwa ndivyo vinavyowatofautisha, na karibu kila kirusi alicho nacho kinawafaa wenzake wa vizimbani. Wa tatu ni panya wa darini, Rattus rattus, ambaye ni ndugu wa karibu wa panya wenu wakubwa weupe. Miaka ya 1970 na 1980, watumishi wa maabara za Japani na Korea waliugua homa zenye madhara kwenye figo kutokana na virusi vya Seoul walivyovipata kwa panya wakubwa wa maabara, wanyama ambao wenyewe hawakuonyesha ugonjwa. Na virusi hivyo kwa asili hubebwa na panya wakubwa wa mijini.

Kwa hiyo jambo ambalo ningetamani kulijua kuliko mengine yote ni yule mliyemtupa alikuwa nani. Atakayenaswa tena msimtupe. Vaeni glavu na barakoa, mlowesheni kwa dawa mkiwa bado hamjamgusa, kisha mtazameni. Panya shamba jike hutambulika kwa chuchu: zimepangwa katika safu mbili ndefu kutoka kifuani hadi kinenani bila kukatika, na mara nyingi ni kati ya 16 na 24, wakati panya mdogo wa nyumbani ana 10. Panya wa darini ana mkia unaozidi urefu wa kichwa na mwili kwa pamoja. Panya mdogo wa nyumbani mara chache huzidi gramu 25, na ukilitazama jino lake la mbele la juu kwa upande, utaona limechongeka pengo dogo karibu na ncha.

Mnaweza kuuliza imekuwaje mnyama mmoja, aliyekuwa nje ya kizimba, aambukize waliomo ndani. Chunguzeni kifuniko cha kizimba chenu. Kile kibonde cha waya mnamoweka peleti kiko wazi kwa juu, na panya wenu hula kwa kutafuna kutoka chini. Panya wa nyumbani anapotembea huacha matone madogo ya mkojo kila apitapo, maana ndivyo anavyoweka alama ya njia yake. Anapopanda juu ya kifuniko akitafuta peleti hizohizo, mkojo wake unaangukia kwenye chakula, na baada ya dakika chache chakula hicho kimo mdomoni mwa panya wenu. Hana haja ya kuingia kizimbani wala kumuuma panya wenu.

Lakini ninalishuku zaidi lile gunia la maranda. Maranda ya mninga au ya mti mwingine wowote yanayokaa siku nyingi nyuma ya karakana ya seremala ni mahali pazuri mno pa kuzalia panya, na kiota mlichokiona kina maana kwamba mkojo na kinyesi vilikuwa vimechanganyika na matandiko kabla hamjayagawa. Kwa njia hiyo panya wa nje anaingia katika vizimba sitini kwa siku moja ya usafi. Pumba na mahindi ya kuchanganyia chakula yana hatari hiyohiyo. Zipo pia njia nyingine, kama mikono na viatu vya watu wanaotoka stoo na kwenda moja kwa moja chumbani, viroboto na utitiri wanaohama kutoka panya wa nje aliyekufa, na damu. Damu nitairudia baadaye, kwa kuwa kwenye kazi yenu ya malale ina uzito wa pekee.

Kuhusu watoto wanaokufa, msiangalie kinyesi peke yake. Mchukueni mtoto wa siku mbili au tatu, ambaye ngozi yake bado haina manyoya, mumgeuze mbele ya mwanga na kutazama ubavu wa kushoto wa tumbo. Aliyenyonya huonekana doa jeupe la maziwa chini ya ngozi. Kama watoto wanaharisha kinyesi cha njano kama haradali, kimewapakaa nyuma, lakini doa la maziwa lipo na wengi wanaishi, ningefikiria kwanza virusi vya rota vya panya, ambavyo huwaathiri zaidi walio chini ya wiki mbili. Kama doa halipo, watoto wamenywea na karibu kizimba kizima kinakufa ndani ya siku moja au mbili, ningefikiria korona ya panya, iitwayo MHV kwa kifupi. Vyote viwili ni virusi vya panya mdogo wa nyumbani na havina madhara kwa binadamu. Hii ni njia ya kuelekeza macho tu, haitoshi kuwa jibu, kwa kuwa watoto hufa pia kwa joto, kwa chupa ya maji iliyoziba, na kwa mama kusumbuliwa mpaka akawala. Chumba kikipita nyuzi 26 mchana, kama inavyotokea Tabora kila Oktoba, lazima hilo nalo liwe limepimwa kwa kipimajoto kabla ya kulaumu virusi.

Jihadharini na jambo moja kuhusu MHV. Inapoingia mara ya kwanza, watoto hufa kwa wingi, kisha baada ya wiki kadhaa vifo hupungua hadi watu wakashukuru kwamba yamepita. Kumbe mama zao sasa wana kingamwili, nao huwalinda watoto kwa maziwa, huku virusi vikiendelea kuzunguka kwa kila kizazi kipya kinachoachishwa kunyonya. Mnabaki na panya wanaoonekana wazima ambao kinga yao imebadilika, na majaribio yenu ya malale yanatoa majibu yasiyolingana bila mtu kujua sababu.

Hiyo ni sababu mojawapo ya kuikataa OTC. Haiui virusi, maana ni dawa ya bakteria. Huvuruga bakteria wa kawaida wa tumbo, hufifisha dalili za ugonjwa mwingine ambao pengine ungegundulika, na huwafanya panya wasifae kwa majaribio mengi kwa kipindi kirefu. Pia huwapa watunzaji faraja isiyo ya kweli, na hilo ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa sababu wiki zinazopotea katika kungoja dawa ifanye kazi ndizo wiki ambazo virusi vinaenea.

Narudi kwenye damu. Ninyi huhamisha vimelea vya malale kwa kuchukua damu ya panya mmoja na kumchoma mwingine. Kuna kirusi kiitwacho LDV, kilichogunduliwa mwaka 1960, ambacho hukaa katika damu ya panya mdogo maisha yake yote bila dalili yoyote ya kuonekana. Kutoka panya hadi panya kwenye vizimba huenea kwa shida, isipokuwa wanapoumana, lakini kwa sindano huenea bila kukosea. Kwa miaka mingi kimekutwa kikisafiri ndani ya uvimbe wa saratani na vimelea vinavyohamishwa kwa damu ya panya, na huharibu matokeo kwa kubadilisha kinga ya mnyama. Hata mkiwateketeza panya wote leo na kuleta wapya walio safi, mkiwachoma kwa damu mliyoihifadhi kwenye nitrojeni ya kimiminika mtakuwa mmekirudisha, kwa sababu baridi inayohifadhi vimelea huhifadhi na virusi.

Habari njema ni kwamba LDV huacha alama inayopimika. Kimeng'enya cha LDH katika damu hupanda mara 5 hadi 10 ndani ya siku chache, na mashine za kemia za hospitali hupima kimeng'enya hicho. Chukueni plazma ya panya mnayemshuku, ipitisheni kwenye chujio la maikromita 0.2 ili vimelea vibaki, mwichome kwa panya wawili watatu walio safi, na mpime LDH yao baada ya siku nne. Damu isipasuke wakati wa kuichukua, kwa maana chembe nyekundu zikipasuka LDH hupanda bila kirusi. Ikithibitika kipo, pitisheni vimelea hivyo kwa panya wakubwa weupe, kwa kuwa LDV haiishi ndani yao. Hapo tena mwe macho: panya wakubwa wanaofikiwa na viroboto wa panya wa darini wanaweza kuwa na Trypanosoma lewisi, kimelea kisichohusiana na malale ambacho chini ya hadubini humchanganya mwanafunzi.

Kwa virusi vingine chukueni sampuli kabla ya kuua kundi. Kingamwili hupimwa kwa ELISA, na tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi ya chujio hutosha kwa vipimo vingi na husafiri bila barafu. Chagueni panya wakubwa kiumri kutoka pembe tofauti za chumba, msichague wanaoumwa peke yao. Kwa LCM ongezeni kipimo cha PCR, kinachotafuta virusi vyenyewe, maana panya aliyezaliwa nayo anaweza kukosa kingamwili za kuonekana. Anzeni na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, ambayo ina kituo hapohapo Tabora: wataalamu wake wanaweza kuwapasulia watoto waliokufa na kuwaelekeza namna ya kufunga na kusafirisha sampuli, pamoja na vibali vinavyohitajika zikilazimika kwenda mbali. Kwa kutambua panya wa nje na mbinu za kuwanasa, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro kina uzoefu wa miaka mingi.

Je, mkuu wenu amekosea anapotaka kuteketeza? Kwa maoni yangu amewahi, ila huenda mwisho ukawa huohuo. Ikionekana ni LCM au virusi vya Seoul, sitetei njia nyingine: ni kuwaua wote kwa utaratibu wa kibinadamu chini ya daktari wa mifugo, kwa usalama wa watu. LCM hupita kwenye mji wa mimba, kwa hiyo hata kuwatoa watoto kwa upasuaji na kuwanyonyesha kwa mama safi hakusaidii. Ikiwa ni MHV, na panya wenu ni wa kawaida wenye kinga kamili, mnaweza kuwatenganisha madume na majike, kuwaondoa watoto wote wakiwemo watakaozaliwa na mimba zilizopo, msiingize mnyama yeyote kwa takriban wiki 8, na virusi vitakosa mwili mpya wa kuishi. Kisha wekeni panya wachache walio safi kwenye matandiko yaliyotumika na kuwapima baada ya wiki kadhaa. Njia hiyo haifai kwa virusi vya parvo, kundi jingine la virusi vya panya, ambavyo hudumu sana katika mazingira. Kwa kundi dogo la panya wanaopatikana kwa urahisi, kuanza upya mara nyingi ni nafuu kuliko kusafisha, mradi jengo liwe limezibwa kwanza. Kuleta panya wapya kwenye jengo lililo wazi ni kutupa fedha.

Kuziba ndiko kazi yenyewe, na inaweza kuanza leo. Panya mdogo hupita kwenye tundu la milimita 6, yaani upana wa penseli. Pigeni bati chini ya milango, wavu wa chuma wenye matundu madogo kwenye madirisha na mifereji, na mzibe palipopita mabomba kwa stili waya za kusugulia sufuria na saruji juu yake. Chakula na maranda vikae kwenye mapipa ya chuma yenye vifuniko, juu ya vichanja vilivyoachana na ukuta. Maranda yanunuliwe siku yanapotoka kwenye mashine, na yapite kwenye otokleivu, yaani chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke, nyuzi 121 kwa dakika 30, kabla ya kuingia chumbani. Tumieni mitego, msiweke sumu ndani, kwa kuwa panya aliyefia ukutani huacha viroboto na utitiri wanaotafuta mwili mwingine. Paka naye asifugwe humo.

Mnapofanya usafi, msifagie kinyesi kikavu. Kiloweni kwanza, mkivaa glavu na barakoa. Sabuni na spiriti huviua virusi vyenye utando wa mafuta, kama LCM na MHV, lakini havitoshi kwa parvo. Kwa hiyo osheni uchafu kwa sabuni, kisha pakeni klorini: kama chupa ya Jik imeandikwa asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji hutoa takriban asilimia 0.5. Iacheni dakika 10 bila kuifuta, mchanganyiko uwe wa siku hiyohiyo, na panya wawe wametolewa chumbani kwa sababu ya harufu yake.

Wiki hii, basi, mwenzenu mjamzito ahame kazi, kuzalisha panya kusimamishwe, gunia lile lichomwe moto, mitego iwekwe stoo, na mtu mmoja aende kituo cha Wakala na watoto watatu au wanne waliokufa karibuni, waliowekwa kwenye mifuko miwili ya plastiki na kupozwa bila kugandishwa, pamoja na karatasi yenye tarehe za vifo, namba za vizimba na joto la chumba kwa kila siku mliyolipima.